Bukta ya Kwenda kwa Daktari

Marieta alifikiria kila kitu. Alifikiria nauli ya kutoka Bunda mpaka Musoma, akauza majogoo wawili kabla mumewe hajauliza. Alifikiria suruali ya kijivu ambayo Werema aliivaa kanisani tu, akaipiga pasi ya mkaa juu ya mkeka mpaka ikasimama mstari. Alifikiria hata jambo ambalo wanawake wengi wangelisahau, kwamba daktari akishamwambia mumewe avue suruali, kitakachoonekana chini yake ni bukta iliyotoboka kama chujio. Akapita kwa fundi cherehani wa Mwigobero, kule Musoma, akashonesha bukta mpya nyeupe, yenye kamba ya kufunga kiunoni.

Werema aliigeuza geuza mkononi kana kwamba ameletewa samaki asiyemjua.

"Mama Kija, daktari ataangalia mfupa au ataangalia bukta?"

"Ataangalia vyote. Mfupa ni wa kwako, lakini bukta ni ya kwangu. Wakiiona imechanika hawasemagi Werema hana bukta. Wanasema Werema hana mke."

Werema akacheka, na kucheka kwake siku hizo kulikuwa kwa nadra. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya kubebea mizigo, na kweli mizigo ndiyo iliyokuwa imemlisha tangu ujana wake. Alikuwa mpagazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Msimu uliopita robota moja la pamba liliteleza kutoka juu ya rundo, likamlalia nyongani. Asiyewahi kuliona robota anaweza kudhani ni kama mto wa kulalia. Robota linafungwa kwa mikanda ya chuma, na wanaume wanne wakilisukuma wanatoa jasho. Werema alitoka hospitali na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, paja limenyauka, na kovu lililoanzia kiunoni likashuka mpaka karibu na goti. Alitembea kwa fimbo, na usiku alijigeuza kitandani kwa kushikilia ukuta.

Kiwanda kilisema fidia ipo, ni haki yake, ila kwanza daktari wa Serikali amtazame na aseme ameharibika kiasi gani. Kijiji nacho kilikuwa na neno lake. Ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wamehamishwa kutoka kwenye mahame yao na kupangwa mistari, na kila mtu mzima, mume kwa mke, alipewa kipande chake cha kulima katika shamba la ujamaa. Boniphace, katibu wa kijiji chao pale Nyasura, alikuwa amemvumilia Werema msimu mzima. Marieta alilima vipande viwili, cha kwake na cha mumewe, na Boniphace akafumba macho. Lakini mvua za safari hii zilipokaribia alikuja mpaka mlangoni akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mzee Werema, mimi nakuona. Lakini wilayani hawakuoni. Wanataka cheti. Mwenye cheti cha ulemavu halimi, na chakula cha kijiji anapata. Asiye na cheti ni mzima kama mimi."

Kwa hiyo cheti kilikuwa kimebeba nyumba nzima. Kikipatikana, Werema atapumzisha mguu, fidia itatoka, nao watanunua maksai wawili na plau, na Marieta atalima kwa kufuata ng'ombe badala ya kuinama tangu alfajiri. Walikuwa wameshawachagulia hata majina hao maksai.

*

Ugumu ulikuwa kumwona daktari mwenyewe. Alikuwa akitoka Mwanza mara moja moja, akikaa hospitalini Musoma kutwa moja, akitazama watu waliovunjwa na mashine, na magari, na mizigo, kisha anaondoka. Safari mbili Werema alikuwa ameshakaa kwenye benchi mpaka jioni bila kuitwa. Safari ya pili waliporudi mvua iliwakuta njiani, Werema akateleza mbele ya watoto wa shule, na watoto wakacheka. Tangu siku hiyo Marieta aliapa kwamba safari ya tatu hawataenda kizembe.

Ndipo akamkumbuka Lukresia.

Lukresia alikuwa kitinda mimba wa bibi yake Marieta, mdogo wa mwisho kabisa wa mama yake. Alizaliwa Marieta akiwa tayari binti wa kutumwa maji, na kule Butiama ndiye Marieta aliyembeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kusuka ukili. Kwa haki alipaswa kumwita mama mdogo. Lakini utamwitaje mama mtoto uliyemwosha mwenyewe? Alimwita Lukre, na Lukresia alimwita Mari, na nyumbani kwao walizoea hivyo mpaka hakuna aliyewasahihisha tena. Sasa Lukresia alikuwa amesomea uuguzi, amevaa gauni jeupe na kofia, na mwezi uliotangulia alikuwa amehamishiwa Musoma.

Marieta alimfuata siku ileile aliyokwenda kushonesha bukta. Walikaa kwenye ngazi za nyumba ya wauguzi wakila dagaa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti.

"Kwani shida ni hiyo tu?" Lukresia akasema. "Mbona ndogo! Siku ya daktari naomba zamu chumba kilekile. Nasimama naye. Jina la mumeo naliweka juu, anaingia wa kwanza. Na daktari akitaka kupunguza, mimi nipo, namsemea."

"Lukre, Mungu akuzidishie."

"Tena usimwambie. Tumshtukize."

"Nimwambie nini! Yule akisikia amepitishwa mlango wa nyuma, anaweza akagoma kuingia. Unamjuaga ubishi wake."

Lukresia akacheka. Kwa kweli hakumjua. Mara ya mwisho alipokaribiana na Werema ilikuwa siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, yeye akiwa msichana wa shule ya msingi, na Werema alikuwa amempisha njia kwa heshima, akasimama majanini mpaka apite. Wasichana wenzake walikufa kwa kucheka, lidume lile kumwogopa mtoto. Wazee hawakucheka. Marieta naye alikuwepo siku ile, na aliona kwa macho yake mwenyewe. Lakini mambo ya siku ya mahari mtu huyaweka pamoja na nguo za siku ya mahari, ndani ya sanduku, na Marieta hakuwa amelifungua sanduku hilo miaka mingi.

*

Siku ilipofika mambo yalikwenda kama maji ya mtaro. Lori la chama cha ushirika liliwachukua, dereva akamweka Werema mbele pamoja naye, wala hakutaka nauli. Kwenye benchi la hospitali walikuta watu wamejaa: mmoja hana vidole, mwingine amefungwa jicho, mwingine mzima kabisa wa kutazama lakini anaongea peke yake. Werema akakaa, fimbo katikati ya magoti, suruali yake ya kijivu bado ina mstari.

"Ukiingia," Marieta akamnong'oneza, "usijikaze. Nakuomba. Akikuambia inua mguu, mwambie hauinuki. Akikubonyeza, piga kelele."

"Nipige kelele kama mtoto?"

"Piga. Hapa hakuna anayekujua."

Maneno hayo Marieta aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe. Baadaye yalimrudia kila alipoinama kulima.

Mlango ukafunguliwa kidogo, sauti ikaita kutoka ndani: "Werema!" Watu wa benchi wakaguna. Yule asiye na vidole akasema waziwazi kwamba hapa kuna watu na kuna ndugu wa watu. Marieta akatazama dari kama asiyesikia, lakini moyoni alijaa raha. Alimsaidia mumewe kusimama, akamnyoosha kola, akamsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

Alisubiri. Alimsikia daktari akicheka mle ndani, kicheko cha mtu aliyeona kituko. Vizuri, akawaza, wamepatana. Kisha akasikia hatua za viatu juu ya sakafu, zinakwenda, zinarudi, wala hakusikia mlio wa fimbo.

Mlango ukafunguliwa, Werema akatoka. Alitoka wima, hana fimbo. Alitembea kwa miguu yote miwili kama askari wa gwaride, uso umelowa jasho, mdomo umebanwa mpaka umekuwa mweupe. Benchi zima likamtazama.

"Twende," akasema.

"Tayari? Amesemaje? Na fimbo yako?"

"Nimesema twende, Mama Kija."

Akampita. Akashuka ngazi za hospitali moja moja, akashikilia nguzo ya chini, akasimama pale bila kugeuka.

Nyuma yake akatoka Lukresia. Kofia yake ya uuguzi ilikuwa imekaa upande, na mkononi alikuwa ameshika ile fimbo kwa ncha za vidole. Hakumfuata Werema. Alimkabidhi Marieta fimbo, akamvuta nyuma ya ukuta wa jiko la hospitali.

"Mari, tumeharibu."

"Tumeharibu nini?"

"Aliingia vizuri. Daktari akamwambia avue suruali apande kitandani. Akaanza kufungua mkanda. Ndipo akainua macho akaniona." Lukresia akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Akaufunga mkanda tena. Akainama chini, akasema, 'Shikamoo mama.' Daktari akacheka. Akamwambia, 'Mzee, huyu mtoto ndiye unamwamkia?'"

Marieta akauegemea ukuta wa jiko, na ukuta ulikuwa wa moto.

"Si ungetoka!"

"Niliomba kutoka. Nikamwambia daktari huyu ni mkwe wangu, aje muuguzi mwingine. Akasema hospitali haina mkwe, na foleni ni ndefu, na muuguzi mwingine hayupo. Akaniambia nigeukie ukutani. Mari, nikageuka kweli, nikafumba na macho. Nikamsikia anasema, 'Daktari, hakuna haja. Mimi nimepona.' Daktari akamwambia, basi tembea nikuone. Akaiweka fimbo chini, akatembea mpaka dirishani, akarudi."

"Na daktari?"

"Ameandika amepona. Mgonjwa amesema mwenyewe, na ametembea mwenyewe. Angeandika nini?"

Walisimama pale wawili, shangazi na mpwa kwa umri, mtoto na mama kwa ukoo, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake Marieta akamwona Lukresia alivyo: mama mkwe wa mumewe. Mwanaume wa kwao anampisha mama mkwe njia, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Kumvulia suruali, hata kama amevaa bukta mpya ya fundi wa Mwigobero, ni jambo ambalo mtu angeona heri kufa. Mtoto wa darasa la kwanza kule Butiama analijua hilo. Marieta alilijua. Alilisahau kwa sababu ya mazoea, kwa sababu ya jina Lukre, na kusahau huko kulimuuma kuliko kama angekuwa mjinga tangu awali.

*

Walirudi kwa basi. Werema alikaa kiti cha upande wa ndani, mguu ameunyoosha kwenye ujia, na kila kondakta alipopita aliuruka huku akinung'unika. Marieta alingoja mpaka wakavuka daraja la Suguti.

"Turudi kesho. Ukamwambie daktari hujapona."

"Ameshaondoka."

"Basi akija tena."

"Mtu amesema mbele ya mkwe wake amepona, halafu arudi kusema hajapona? Anarudi na uso gani?" Akageukia dirishani, akatazama mashamba ya pamba yanavyopita. "Ungeniambia tu, Mama Kija. Ungeniambia yupo mle ndani, ningengoja siku nyingine. Hata mwaka ningengoja."

Hakuinua sauti. Wala maneno hayo hakuyarudia tena, si siku hiyo, si baadaye. Marieta alitamani ampige, au amtukane, au amwambie rudi kwenu kwa mama yako mdogo. Ugomvi huwa na mwisho. Ukimya ule hakujua aushike wapi.

*

Marieta alikwenda Ofisi ya Kazi peke yake, bila kuaga. Karani aliyemkuta aliitwa Mseti, kijana wa suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni. Alimsikiliza kwa kuangalia saa, mpaka Marieta alipofika kwenye lile neno la muuguzi. Hapo Mseti akaacha kuangalia saa. Akainuka, akausukuma mlango ukafunga.

"Mama, mimi ni mtu wa Tarime. Huna haja ya kunieleza. Hata mimi nisingevua."

Marieta akakaribia kulia kwa shukrani. "Basi andika hivyo, mwanangu. Andika wamtazame upya."

"Niandike nini?" Mseti akasema kwa upole. "Karatasi hii haiishii hapa. Inafika Dar es Salaam, inasomwa na mtu asiyejua ng'ombe ana pembe ngapi. Nikiandika mzee alimwonea haya mkwe wake, watapitishiana mezani wacheke, waitupe. Wanataka sababu inayoingia kwenye sheria."

"Sababu ipi inaingia?"

Mseti akakuna shingo. "Ipo moja. Mzee aje mwenyewe, aseme siku ile alimdanganya daktari. Aweke dole gumba. Hapo naweza kuomba apimwe tena, na safari hiyo nitahakikisha chumbani kuna wanaume peke yao."

Marieta alirudi Nyasura na hilo neno kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Alingoja mumewe ale, anawe, ajiegemeze. Kisha akamweleza. Werema alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanataka niseme mimi ni mwongo."

"Ni dole gumba tu, Baba Kija. Wino unafutika."

"Mguu wamechukua. Kazi wamechukua. Sasa na neno langu wachukue?" Akatikisa kichwa. "Nilisema nimepona mbele ya mama mkwe. Nikisema nilidanganya, wataniuliza kwa nini nilidanganya. Nitajibu nini? Nitamtaja yeye ofisini, mbele ya makarani?"

"Mimi nimeshamtaja!"

Werema akamtazama. Marieta alijua papo hapo kwamba amekosea mara ya pili. Mumewe aliivuta fimbo, akatoka nje, akaenda kukaa zizini ambamo hamkuwa na ng'ombe.

Huyo ndiye Werema, na mtu anaweza kumwita mjinga. Wapo waliomwita hivyo, na Boniphace alikuwa mmoja wao. Lakini mtu aliyevuliwa kila kitu hushikilia kile kimoja kilichobaki, na Werema alikuwa amebakiwa na kuwa mkwe mwema.

*

Mvua zikaanza. Kiwanda kikaleta taarifa kwamba kwa kuwa mfanyakazi amepona, arudi kubeba marobota, na asiporudi ahesabiwe ameacha kazi mwenyewe. Hakurudi. Siku chache baadaye Boniphace aliita mkutano wa kugawa vipande, akasimama juu ya gogo, akaanza kuita majina. Lilipofika la Werema, Marieta alisimama kabla mumewe hajasimama.

"Ndugu Katibu, kipande chake nitalima mimi, kama mwaka jana."

"Mwaka jana tulikuwa tunasubiri daktari," Boniphace akasema, na kwa haki yake, alisema akiwa ametazama chini. "Daktari amesema mzima. Mama Kija, nikimsamehe mtu mzima, kesho nusu ya kijiji watakuja wanachechemea."

Mtu mmoja nyuma akajichechemesha, na watu wakaangua kicheko. Marieta aligeuka kumtafuta, damu imempanda kichwani. Lakini Werema alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameiacha fimbo pale alipokaa.

"Nipe kipande changu," akasema. "Sijaomba msamaha kwa mtu."

Basi akalima. Alilima kwa kupiga goti la kushoto chini na kuuweka mguu wa kulia mbele, anachimba mbele yake, anajivuta, anachimba tena. Suruali ya kijivu ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kanisa, ya kazi ilikwisha kuchanika magotini, na chini yake alivaa ile bukta ya Mwigobero kwa sababu ndiyo nzima aliyokuwa nayo. Nyeupe yake ikawa rangi ya udongo. Marieta alilima kipande chake mbio mbio ili awahi kuingia cha mumewe, na kila alipoingia Werema alimwambia, "Niachie," naye hakumwachia. Jioni alimkanda kwa maji ya moto, na Werema akawa anatazama ukuta. Mengi alitaka kumwambia wakati wa kumkanda. Alitaka kumwambia nisamehe. Lakini kila alipofungua mdomo, Werema alikuwa akisema, "Hapo hapo, kaza kidogo," na neno likarudi tumboni.

*

Wazee wa Butiama walipopata habari, walisema aibu kama ile haiachwi ilale. Wakaamua Lukresia ampelekee mkwe wake kondoo, amsafishe, watu wapate kutazamana tena kwa heshima. Akaja Jumamosi, bila gauni jeupe, amejifunga khanga mbili, anavuta kondoo jike kwa kamba. Hakujua njia nyingine zaidi ya ile inayopita katikati ya shamba la ujamaa.

Werema alikuwa ukingoni mwa kipande chake, amesimama kwenye njia anapumzika juu ya mpini wa jembe. Marieta alikuwa mistari kadhaa ndani, ameinama. Alisikia kondoo akilia, akainua kichwa, akawaona wote wawili kwa pamoja: Lukresia anatokea kwenye kona na kitambaa usoni cha kukinga jua, na mumewe amesimama kamili katikati ya njia.

Alitaka kupiga kelele, amwambie Lukresia asimame. Alichelewa. Werema alikuwa ameshamwona. Akafanya lile alilolifanya siku ya mahari: akampisha mama mkwe njia. Lakini siku ya mahari alikuwa na miguu miwili. Kando ya njia palikuwa na mfereji wa maji ya mvua. Alirusha mguu wa kulia ng'ambo, wa kushoto ukakataa kumfuata, jembe likamponyoka, na mtu mzima yule akaanguka kifudifudi ndani ya matope. Suruali ilichanika kutoka goti mpaka kiunoni, na kovu lote, lile ambalo daktari hakuliona, likawa nje juani.

Lukresia, muuguzi aliyesomea kuinua watu, aliiachia kamba na kupiga hatua mbili kumkimbilia. Kisha akasimama. Akageuka nyuma, akaufunika uso kwa khanga, akabaki amewapa mgongo, mabega yanatikisika. Watu waliokuwa wakilima wakaacha majembe. Hakuna aliyecheka safari hii.

Marieta alifika anahema. Aliingia mferejini, akampitisha mumewe mkono kwapani, akamvuta. Alikuwa mzito kama robota lenyewe. Akamketisha ukingoni, akavua khanga yake ya begani, akamfunga kiunoni haraka haraka, akalifunika kovu, akaifunika na bukta.

Werema alimshika mkono. Matope yalikuwa yamemjaa kwenye nyusi.

"Ameniona?"

Marieta akamtazama Lukresia kule njiani, amesimama na mgongo wake, kondoo anakula pamba changa ya ujamaa bila kuzuiwa na mtu.

"Hajakuona," akasema. "Alikuwa amegeuka."

"Kweli?"

"Kweli, Baba Kija."

Werema akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyehesabiwa fidia yake yote mkononi. "Basi salama," akasema. Akapapasa majanini, akamwomba mkewe amsogezee jembe.